Jiwe la Boi-Shofa

Ukipita kwenye garaji za wazi kati ya Goma na Sake, utaisikia nyundo ndogo kabla hujamwona mwenye nyundo. Pikapu kuukuu imeinuliwa kwa jeki, tairi la nyuma limetolewa, na mekanisye amelala chini akilikunja bomba jembamba la breki. Analikunja mara moja, analikunja mara ya pili, analigonga mpaka linakuwa bapa kama ulimi wa mbuzi. Akitoka chini ya gari anajifuta mikono na kutoa hukumu: "Nyuma hakuna kazi, patroni. Mbele inatosha." Shofa anakanyaga pedali, anaikuta ngumu na iko juu, anacheka, analipa. Silinda ya breki ya nyuma iliyokuwa inavuja haivuji tena, maana haina tena cha kuvuja.

Kesho yake pikapu hiyo hiyo inapanda kuelekea Mushaki, inaendelea Masisi, pengine Kingi, pengine inateremka hadi Walikale. Nyuma kuna magunia, juu ya magunia kuna abiria, na kwenye bampa ananing'inia boi-shofa, kijana ambaye ndevu bado hazijamtoka, jiwe likiwa karibu na mguu wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wetu amewasikia nusu: ameziba. Shida ni alichokiziba.

Niiseme kwanza rai hiyo ya "mbele inatosha" kama mafundi na mashofa wenyewe wanavyoisema wakiwa makini. Wanasema gari likifunga breki uzito unakimbilia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zenye kazi kubwa na za nyuma ni wasaidizi tu. Wanasema shofa hodari hashuki mlima kwa breki, anashuka kwa gia. Wanasema tamburi, ambalo wenzetu wa Dar es Salaam huliita dramu, ni sufuria lenye kifuniko: tope likiingia halitoki, na kwenye barabara ya Walikale utaliosha leo, kesho limejaa. Mwisho wanasema wameshazitengeneza breki hizo mara nyingi, na baada ya muda mfupi zinavuja tena. Afadhali pesa hiyo inunue mafuta ya kuendea safari. Wanaosema hivi wamekula vumbi la barabara hizi miaka mingi, na kila sentensi yao ina punje ya ukweli ndani yake. Ndiyo maana rai hii haifi. Basi tuichambue punje kwa punje.

1. "Mbele inatosha"

Uzito unaegemea mbele, sawa. Wa gari lipi? Hesabu hiyo ni ya pikapu tupu kwenye lami kavu iliyolala. Simjui mtu wa Masisi anayepata riziki kwa kuendesha pikapu tupu kwenye lami iliyolala. Hilux ya zamani iliundwa kubeba karibu tani moja, na tani hiyo haikai juu ya injini. Inakaa juu ya ekseli ya nyuma. Ikishapakiwa, zaidi ya nusu ya uzito wote uko nyuma. Na hiyo ni tani ya kiwandani. Tani ya Sake kila mtu anaifahamu.

Waliounda magari haya walilijua jambo hilo. Kwenye Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990 waliweka vali iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiikalisha bodi, fimbo inasogea, na vali inaruhusu msukumo zaidi wa mafuta ya breki uende kwenye magurudumu ya nyuma. Kipande cha chuma kisicho na macho kimeelewa kwamba gari lenye mzigo linataka breki ya nyuma. Sisi wenye macho tunalikunja bomba lake.

Tuje kwenye joto. Breki haiumezi mwendo wa gari. Inaugeuza kuwa joto. Chukua pikapu na mzigo wake, jumla kilo 2,700. Ishushe kutoka kwenye kilima cha mita 2,000 mpaka usawa wa Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko kama mita 1,460 juu ya bahari. Nguvu inayoachiwa na mteremko huo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya baridi, yaani bidoni mbili za njano zilizojaa. Injini itachukua sehemu yake, upepo na tope vitachukua zao. Kinachobaki kilikusudiwa kugawanywa kwa magurudumu manne. Umeziba nyuma, sasa fungu lote linapikwa mbele.

Mafuta ya breki yanapikwa nayo. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi msimu wa mvua, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na ile pedali iliyomchekesha shofa garajini inazama mpaka sakafuni. Ugumu wake ulipimwa gari likiwa limesimama. Ulimaanisha tu kwamba mafuta hayana pa kwenda. Ni kumziba mtu mdomo, kisha ukamsifu kwa upole wake.

Hata hivyo kushuka ni nusu ya habari. Mlima una pande mbili, na rai hii inautazama upande mmoja tu. Pikapu inapanda, matairi yanakanyaga tope, injini inazimika. Gari linaanza kurudi kinyumenyume. Uzito umekimbilia wapi sasa? Umeteremka wote kwenye ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele yamebaki mepesi; breki zake zinayashika sawasawa, nayo yanateleza yakiwa yamefungwa, kama sahani juu ya sabuni. Gurudumu lililofungwa halifuati tena usukani, kwa hiyo shofa hana breki na hana mwelekeo. Anaivuta breki ya mkono. Breki ya mkono ya pikapu hizi inavuta waya unaoishia kwenye viatu vile vile vya nyuma, ndani ya tamburi lile lile ambalo halina kazi. Ikiwa viatu vimelowa mafuta, au waya uling'olewa usisumbue, mkono unavuta hewa.

Hapo ndipo boi-shofa anaporuka. Ana muda wa kupumua mara mbili hivi kuliweka jiwe nyuma ya tairi la gari linalorudi kumwelekea yeye.

2. "Shofa hodari anashuka kwa gia"

Anashuka kwa gia, ndiyo, na afanye hivyo. Ila nauliza: gia inashikilia gari kwa magurudumu yapi? Pikapu hizi zinasukumwa na ekseli ya nyuma. Usipoingiza gia ya magurudumu manne, injini inapolizuia gari mlimani inalizuia kwa magurudumu ya nyuma. Kinywa kile kile kinachosema magurudumu ya nyuma hayawezi kusimamisha kitu ndicho kinachoyakabidhi roho za watu kumi na wawili kutoka kilimani mpaka ziwani. Wachague moja.

Tena gia haishikiki kila wakati. Shofa akitaka kutoka ya tatu kwenda ya pili lazima akanyage klachi, na kwa muda huo injini na magurudumu hawajuani. Giaboksi ya miaka thelathini nayo ina tabia ya kuitema gia bila kuomba ruhusa. Na hata ikishika vizuri, injini inapunguza mwendo. Haisimamishi gari mbele ya mtoto aliyefuata mbuzi wake barabarani.

Nimeona pia kichekesho kingine kuhusu kusimamisha gari. Barabara hizi zina bariere nyingi, za kila aina ya wenye bariere. Kamba inavutwa, karatasi zinaombwa, noti inapokewa. Sijawahi kuona bariere ambayo mtu alimwambia shofa: hebu kanyaga breki tuone. Gari linaruhusiwa kuendelea kwa sababu limeweza kusimama mara moja, mahali tambarare, kwa mwendo wa miguu.

3. "Tamburi linajaa tope"

Linajaa. Pua nayo hujaa kamasi msimu wa baridi, na bado hatujasikia aliyeishona. Tope linaoshwa. Tamburi linafunguliwa, linafutwa kwa maji na kitambaa, linafungwa. Mwenye gari anayelipia kuoshwa kwa kioo kila Jumamosi hashindwi kulipia hilo mara moja moja msimu wa mvua.

Lakini ukifungua matamburi mengi yaliyolaaniwa kwa tope, utakuta kinachong'aa mle ndani ni mafuta. Yametoka ndani ya gari lenyewe. Ama silinda ndogo ya gurudumu inavuja mafuta ya breki, ama sili iliyo mwisho wa ekseli imechoka na mafuta mazito ya diferensha yametambaa mpaka kwenye garnitire, ule ukanda mgumu wa kiatu cha breki unaosugua chuma.

Na sili hiyo ina kisa chake. Ekseli ina tundu dogo la kupumulia. Ikipata moto, hewa iliyo ndani inatanuka na kutoka pale. Tope likiziba tundu, hewa inatafuta njia nyingine na kuyasukuma mafuta kwenye sili. Pikapu ikiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta pumzi ndani. Pale pa kupumulia pamezibwa, basi inavuta maji kupitia sili hizo hizo. Mtu anaivusha hivyo mito ya Walikale mwaka mzima, kisha anakuambia tatizo ni umbo la tamburi. Tatizo ni tundu la ukubwa wa punje ya mahindi ambalo hakuna aliyewahi kulisafisha.

Anayelaumu tope amtazame mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Anashuka na mamia ya kilo za kuni au makabichi juu ya mbao mbili na magurudumu mawili. Ana breki moja tu: kipande cha mpira wa tairi anachokikanyaga kwa mguu kisugue gurudumu. Gurudumu gani? La nyuma. Nalo linakula tope kuliko tamburi lolote. Mji wa Goma umemsimamishia mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu. Tunaizunguka kila siku tukiwa ndani ya pikapu zilizozibwa nyuma.

4. "Tulizitengeneza, hazikudumu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno "tulizitengeneza" limebeba mzigo kuliko pikapu yenyewe.

Hii ndiyo kazi ninayoiona ikiitwa matengenezo. Tamburi limeng'ang'ania, basi linapigwa nyundo mpaka ukingo unapasuka. Matamburi mengi ya Toyota yana matundu mawili yenye uzi, yametobolewa makusudi: unaingiza bolti mbili, unazikaza kwa zamu, tamburi linatoka lenyewe. Matundu yamejaa kutu na hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Likishatoka, viatu vilivyolowa mafuta vinamwagiwa petroli na kuchomwa moto, ili "vikauke". Garnitire iliyonyonya mafuta imekufa. Moto unaisafisha uso na kuiacha na maradhi yake tumboni. Silinda ndogo inafunguliwa, inakutwa na vidonda vya kutu ukutani, inatiwa mipira mipya. Mpira mpya juu ya ukuta wenye vidonda ni kandambili mpya juu ya misumari: utakatika wiki hiyo hiyo, na lawama itakwenda kwa mpira wa kichina.

Kisha skrubu ya kurekebisha, ile yenye gurudumu la meno inayosogeza viatu karibu na tamburi kadiri vinavyolika. Ya kushoto na ya kulia zina uzi unaokwenda kinyume. Fundi amefungua pande zote mbili kwa mpigo na kuzitia skrubu kwenye kopo moja, zinarudi zimebadilishana. Kuanzia siku hiyo, kila inapofanya kazi inavirudisha viatu nyuma badala ya kuvisogeza mbele. Pedali inashuka siku hadi siku, na mwenye gari anasema: unaona, breki ya nyuma haitulii.

Kwenye Toyota nyingi za aina hii skrubu hiyo huzungushwa na breki ya mkono inapovutwa. Umeung'oa waya wa breki ya mkono kwa sababu ulikuwa umekwama? Basi umemfukuza aliyekuwa anarekebisha breki zako bure kila jioni unapoegesha.

Umeongeza majani ya springi ili bodi isikae chini? Kumbuka ile vali na fimbo yake. Inapima mzigo kwa jinsi bodi inavyoshuka. Bodi haishuki tena. Vali inaamini gari ni tupu, na inainyima breki ya nyuma msukumo siku ile ile uliyopakia kupita kiasi. Mafuta ya breki yamekwisha njiani ukaongeza mafuta ya injini? Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki mpaka inakwama, kuanzia silinda kuu hadi gurudumu la mwisho.

Hivi ndivyo zilivyotengenezwa. Mtu aliyempikia mgeni ugali mbichi mara tano sasa anatangaza kwamba mahindi hayaliki.

Kazi yenyewe inajulikana na haina uchawi. Pande zote mbili zifanyiwe siku moja, lakini ufungue upande mmoja kwanza, ule mwingine ubaki mzima uwe ramani ya springi na ndoana zake. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Garnitire nyingi za zamani zilikuwa na asibesto, na asibesto ikiingia mapafuni haitoki. Lilowe maji, lifutwe. Sili ya ekseli ibadilishwe kabla ya viatu, la sivyo umenunua viatu vya kulowa. Silinda yenye vidonda itupwe nzima. Tamburi lipimwe: mengi yameandikwa juu ya chuma chake kipenyo ambacho halitakiwi kupita, na likishapita, pistoni za silinda zinalazimika kutoka mbali mno na kuanza kuvuja hata zikiwa mpya. Sehemu ambazo viatu vinaegemea bamba zipakwe grisi kidogo, ya kustahimili joto, isiguse garnitire. Tundu la kupumulia lizibuliwe. Hewa itolewe kwenye mabomba mpaka mafuta yatoke bila povu, na vali ya mzigo isisahauliwe. Ni kazi ya siku moja. Breki zinazofanyiwa hivyo sijaona zikivuja baada ya mwezi. Nimeona tu watu wasiotaka kuipoteza hiyo siku moja.

5. "Ni ghali"

Ghali kwa nani? Bei ya kuziba bomba inaandikwa ukurasa mmoja tu wa daftari. Ukurasa wa pili una pedi za mbele zinazoisha kabla ya wakati, diski zinazopinda kwa joto, matairi ya mbele yanayolika kwa kuburutwa. Hizo zinalipwa kidogo kidogo, kwa hiyo hazihesabiwi.

Ukurasa wa tatu una kitu kikubwa zaidi. Silinda kuu ya breki za magari haya ina vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, vimetenganishwa ili bomba moja likipasuka lingine libaki na kitu cha kumpa shofa. Ukilikunja la nyuma umeitupa akiba. Siku bomba la mbele likipasuka baada ya Mushaki hakuna chumba kingine. Shofa huyo huyo hatoki Goma bila tairi la akiba, na atagombana na mtu atakayemwambia ni anasa.

Na yule mwenye gari anayelalamika bei ya sili na viatu amelipa bariere ngapi asubuhi hiyo, bila risiti, bila kusema ni ghali? Natambua kwamba vipuri ni vya shida na vya bandia vipo. Natambua kwamba mji ukifungwa hakuna kinachofika. Asiyepata kiatu cha breki apunguze magunia, au asubiri. Hilo nalo ni gharama, lakini lina heshima ya kumwangukia yeye aliyeamua.

Kwa sasa haimwangukii. Hili ndilo ninaloshindana nalo tangu mwanzo. Breki iliyozibwa haijaondolewa kwenye gari; imehamishwa. Ilikuwa chuma ndani ya tamburi, sasa ni mikono ya kijana kwenye bampa. Nimelibeba jiwe hilo nikiwa na miaka kumi na sita, na najua linavyokuwa zito linapolowa. Boi-shofa hana kipenyo kilichoandikwa juu yake kwamba asipite hapo. Vidole vyake haviuzwi kwa seti. Anayesema "nyuma hakuna kazi" huwa amekaa mbele, ndani ya kabini, mlango umefungwa.

Gari likishapata nguvu na kuondoka, kijana hulikimbilia na kuruka juu. Hana muda wa kulirudia jiwe. Linabaki katikati ya njia, likimsubiri mwenye pikipiki wa jioni asiye na taa. Pandeni siku moja kwa miguu kutoka Sake, ninyi wenye rai hii, mkayahesabu mawe hayo kona kwa kona. Kisha rudini garajini mniambie kila moja lilikuwa likifanya kazi ya nani.